Hombolo, kwa Mchunga Ng'ombe Aliyefika Kampala

Mzee alinipokea kwa tusi. Sikuwa hata nimeshuka vizuri kwenye bodaboda nilipomsikia akimuuliza mjukuu wake, kana kwamba mimi sipo: "Huyu ndiye Mhehe mwenyewe? Fungeni mbwa, wasije wakageuka kitoweo."

Mjukuu aliona haya. Mimi nilifurahi, maana watani wakianza kupokeana kwa adabu ujue kuna msiba. Nikamjibu kwamba nimemletea sukari kilo mbili ili leo apumzike, asiende mjini kuomba. Alicheka mpaka akakohoa, akanipa mkono, akasema "Mbukwa." Nami nikaitikia "Mbukwa," neno pekee la Kigogo ninaloweza kulitamka bila kujiaibisha.

Utani wetu una damu ndani yake. Karne ya 19 Wahehe walikuja huku Ugogo mara nyingi kufuata ng'ombe, na Wagogo hawakukaa wakiwatazama. Ndiyo maana leo tunatukanana kwa raha na kuzikana kwa utaratibu. Mzee alinikumbusha deni hilo kabla sijakaa: babu zangu waliondoka na ng'ombe, na mimi baada ya miaka zaidi ya mia nimerudi na sukari.

Safari yenyewe ilianza kwa kosa la lugha. Rafiki yangu, mtumishi wa mojawapo ya wizara zilizohamia Mtumba, aliniambia babu yao wa Hombolo ni mchungaji aliyepigana Vita vya Kagera. Dodoma ina Waanglikana wengi, basi nikajipanga kukutana na mzee wa kanisa, kola nyeupe shingoni, Biblia mezani. Siku mbili nzima niliandaa maswali juu ya imani na bunduki. Ilikuwa kwenye daladala, tukikaribia Ihumwa, ndipo mjukuu tuliyefuatana naye aliponiambia kwamba babu huenda asiwepo tukifika, atakuwa ameenda kunywesha. Kunywesha nani? Ng'ombe.

Ihumwa ndipo unapoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kuelekea kaskazini. Reli mpya ya SGR inapita upande huo, na mbele kidogo barabarani kuna majengo ya wizara ya Mtumba, yale ambayo miaka kumi iliyopita yalikuwa vichaka. Ukishaiacha lami ya wakubwa, nchi inarudi kuwa Ugogo: mibuyu isiyo na majani, miamba iliyolala kama tembo waliochoka, mashamba ya uwele na mtama yaliyokwisha kuvunwa, na upepo wa Julai unaokufanya uvae koti saa nne asubuhi huku jua likiwaka. Kisha mizabibu, mistari kwa mistari. Kisha wanafunzi wa Chuo cha Serikali za Mitaa, wakitembea wawili wawili na simu mkononi. Kisha bwawa.

Sikulitarajia bwawa la ukubwa ule katika nchi kame namna hii. Lilijengwa mwaka 1957, enzi za Mwingereza, kwa kuzuia mto ambao kiangazi huwezi hata kuutambua kuwa ni mto. Watu wanavua perege na kambale humo, wanamwagilia zabibu, na jioni ndege wanajaa kando yake. Mzee alizaliwa mwaka huo huo wa ukuta. Hana cheti, ila mama yake alimwambia alimzaa wakati matingatinga yanaunguruma, na kwa hiyo umri wa bwawa ndio umri wake. Mjini walipomtaka tarehe, aliwaambia wakaisome kwenye ukuta.

Kwa karatasi, Hombolo ni jiji. Dodoma ilipandishwa hadhi tarehe 26 Aprili 2018, na mipaka ya jiji imeizunguka sehemu hii pamoja na zizi la mzee. Nilikuwa nimekwenda kumwona mkazi wa jiji, basi, na swali langu la kwanza likawa la kijinga kama la mtu wa jiji. Nilimuuliza ana ng'ombe wangapi.

Mjukuu alitazama pembeni. Mzee hakukasirika, alinihurumia tu.

"Wewe Mhehe, una watoto?"

"Watatu, babu."

"Ukirudi nyumbani jioni unasimama mlangoni unawahesabu?"

"Hapana."

"Unajuaje kama mmoja hayupo?"

Nilisema ninaona tu. Akanyamaza, akaninyooshea kigoda.

Baba yake ndiye aliyemfundisha. Jioni ng'ombe wakirudi, mtoto alisimamishwa mlangoni mwa zizi, akatakiwa aseme nani hajaja. Asitaje idadi, aseme ni nani: yule mwekundu mwenye baka jeupe begani, yule mwenye pembe iliyopinda, yule mweusi mama yake yule aliyekufa kwa ndigana. Akikosea, yeye ndiye aliyerudi porini kumtafuta, na porini wakati huo palikuwa na fisi. Akiwa na miaka kumi hivi hakuwa akikosea tena.

Nilitegemea tungezungumza vita. Tulizungumza ng'ombe karibu saa mbili, tukala ugali wa uwele na mlenda, nikaanza kuwa na wasiwasi kuwa nitarudi mjini mikono mitupu. Niliambiwa baadaye na mjukuu kwamba ndivyo anavyofanya kwa kila anayekuja na daftari. Anampima kama atavumilia.

Vita viliingia mazungumzoni kupitia kwa babu yake mzaa baba, na vilikuwa vita vingine kabisa. Ugogo una neno moja, Mtunya, ambalo wazee hawalitaji kwa sauti kubwa. Ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walipita wakichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na majeshi ya upande wa Mwingereza yalipoiteka Dodoma mwaka 1916 nayo yakataka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua zikakatika. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandika njaa hiyo, anakadiria waliokufa kuwa kama 30,000 katika watu wapatao 150,000. Mzee hana takwimu hizo. Anachojua ni kwamba babu yake alibaki na ng'ombe mmoja jike, na kwamba ng'ombe huyo hakuwa hata wake.

Hapo ilibidi nimsimamishe anieleze, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nisahau maswali yangu yote niliyoyaandaa Dar es Salaam. Mgogo mwenye ng'ombe hawaweki wote mahali pamoja. Anampa huyu wawili, yule mmoja, mkwe wake wa kijiji cha mbali watatu. Ugonjwa ukija, ukame ukija, au wakija Wahehe (hapa alinitazama), hawatapotea wote siku moja. Anayepewa anawatunza kama wake. Maziwa ni yake mtunzaji, samadi ni yake, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ndama wa ndama vilevile. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo, na mtu akikisoma anaona kwamba hapa huwezi kuuelewa undugu bila kujua ng'ombe wa nani analala kwa nani. Ng'ombe aliyeiokoa familia ya mzee wakati wa Mtunya alikuwa amewekwa kwao na mtu mwingine. Mtu huyo alikufa kwa njaa. Watoto wake walikuja kudai miaka mingi baadaye, wakapewa uzao wote.

"Wote?"

"Wote. Sisi tulikuwa tumekunywa maziwa."

Kwa watu wa namna hii vita vilikuwa jina jingine la wizi wa mifugo, na ndivyo ilivyokuwa hata mwaka 1978. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwa taifa kwamba sababu ya kumpiga ipo, nia ipo, uwezo upo. Hotuba hiyo kila mtu wa umri fulani anaikumbuka, na mzee anaikumbuka pia, redio ikiwa imetundikwa kwenye mti wa duka. Ila kilichomfanya asimame, anasema, ni habari iliyofuata: Waganda waliingia kwenye ranchi za Kagera wakaswaga ng'ombe kwa maelfu kuwavusha mpaka.

"Wakasema wamevunja daraja la Kyaka. Sikulijua. Wakasema wamebomoa kiwanda cha sukari. Sukari yenyewe tulikuwa hatuioni. Waliposema ng'ombe, nikamwambia baba: mimi naenda."

Alikuwa na miaka 21, tayari amepitia mafunzo ya mgambo ya kijijini. Jeshi lilikuwa na watu wapatao 40,000, na ndani ya miezi michache likafika kama 150,000, na katika nyongeza hiyo walikuwamo mgambo kama yeye. Alikwenda na mwenzake mmoja wa hapo hapo kijijini. Jina lake alinitajia, lakini nitaliacha huko huko nyumbani kwake. Nitamwita mwenzake tu. Wiki ya kuondoka, mwenzake alikuja na mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe begani, akamkabidhi kwa baba wa mzee. Wazazi wa kijana huyo walikuwa wamekufa, hakutaka kumwacha mnyama kwa wajomba.

Walipanda treni Dodoma, wakapita Tabora, wakafika Mwanza. Hapo mzee alisimama ufukweni mbele ya Ziwa Victoria na kuuliza ukuta wake uko upande gani. Kwake maji mengi yalikuwa na maana moja, bwawa, na bwawa lina ukuta. Askari wa Kisukuma walimcheka mpaka Bukoba, na meli ilipoanza kuyumba akawapa sababu nyingine ya kucheka.

Kutoka mpakani walitembea. Hili watu huwa wanalisahau: jeshi letu liliingia Uganda kwa miguu, mabuti yakichana vidole, mvua za masika zikianza. Mutukula ilikuwa imechukuliwa Januari, Masaka ikaanguka tarehe 24 Februari 1979. Kuhusu Masaka mzee ana kumbukumbu mbili tu za kusimulia. Moja ni majengo yaliyobomoka. Ya pili, aliyoieleza kwa mikono yote miwili, ni ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu kama matawi ya mti. Alimwambia mwenzake kwamba wanyama hawa wakiletwa Ugogo itabidi mlango wa zizi uvunjwe. Mwenzake akasema vita vikiisha atarudi na dume mmoja, ampandishe yule mtamba wake.

Kisha Lukaya. Barabara ya kwenda Kampala inapita hapo katikati ya kinamasi cha mafunjo. Jioni ya tarehe 10 Machi brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilikutana na Waganda na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin, na roketi zikaanza kumwagika. Mgambo walitawanyika. Mzee haremba: "Tulikimbia kama ng'ombe waliomnusa simba. Anayekwambia alisimama, muulize alikuwa wapi." Usiku huo brigedi ya 208 ilizunguka, na alfajiri ikawapiga Walibya na Waganda kutoka ubavuni, na huo ndio ukawa mwisho wa jaribio kubwa la Amin kuuzuia msafara. Vitabu vinayaita mapigano ya Lukaya makubwa kuliko yote ya vita vile.

Asubuhi waliobaki walikusanywa. Sajenti alikuwa na karatasi, akaanza kuita majina. Mzee anasema hakuhitaji karatasi. Alizungusha macho mara moja, kama pale mlangoni mwa zizi, akajua nani hayupo, na mwenzake hakuwepo. Alimtafuta kwa macho tena, akijua kuwa hakosei. Saa sita mchana mwenzake akatokea kutoka kwenye mafunjo, tope mpaka kwenye kope, bunduki begani, akiuliza kama kuna chakula.

Nilicheka. Mzee alicheka pia, kisha akammwagia maji ya kunawia mbuzi mmoja aliyeanza kuvuta kanga kwenye kamba.

Nilikuwa nimebeba swali moja, lile ambalo kila anayemhoji mtu wa vita analibeba, na nililirudisha Dar es Salaam likiwa limefungwa. Badala yake nilimuuliza kama huwa anaota. Alisema haoti, ila mvua za kwanza za Desemba zinamsumbua. Radi za Dodoma hazianzi kwa kunong'ona. Siku hizo hulala zizini. "Radi ikipiga naangalia ng'ombe. Wakiendelea kucheua, basi ni radi."

Kampala ilitekwa tarehe 10 na 11 Aprili. Mapigano yaliendelea kaskazini mpaka mwanzoni mwa Juni, jeshi lilipofika mpaka wa Sudan. Hesabu iliyotajwa baada ya vita ni wanajeshi wetu 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa kwenye mapigano. Tofauti hiyo niliwahi kuisoma zamani na kuipita haraka. Mwenzake mzee yumo katika tofauti hiyo. Lori alilopanda lilipinduka, vita vikiwa vimekwisha, watu wakiimba. Mzee alikuwa lori la nyuma. Aliambiwa mwenzake amezikwa Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, na hajawahi kufika huko. Nilimuuliza kama angependa kwenda. "Nani atachunga?"

Aliporudi Hombolo hakurudi na dume wa Ankole. Alirudi na mestini ya jeshi, lile bakuli la bati la kulia, na mpaka leo ipo. Mbele yangu aliwekea ndama magadi ndani yake, imebonyea kila upande. Mwalimu alikuwa amewaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18. Hiyo miezi 18 ilizaa miaka, sabuni ikakosekana, na askari wa Kampala akawa mchunga ng'ombe tena, bila ya kupumzika hata wiki. Baadaye alikuwa mlinzi mjini kwa muda, akaacha. Anasema kulinda kitu kisichotembea kunamtia usingizi. Siku hizi shida yake ni nyingine: viwanja. Vigingi vya upimaji vinasogea, mizabibu inafika njia za kunyweshea, na wajukuu wanamshauri auze wote ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo. Kwa hesabu za pesa nadhani wajukuu hawakosei. Sikumwambia.

Siku chache kabla ya mimi kufika, tarehe 25 Julai, taifa lilikuwa limeadhimisha Siku ya Mashujaa. Mjukuu alimwonyesha kwenye simu. Mnaujua utaratibu: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mzee mmoja wa mashujaa shoka. Nilitaka kujua alijisikiaje kuona yale.

"Vizuri. Wamevaa vizuri." Akafikiri. "Lakini fimbo hawakuweka."

Sikujua kama ni utani. Kwa Mgogo huwezi kujua.

Jua lilipoanza kukaa juu ya vilima, vumbi jekundu likainuka upande wa bwawa, na kengele moja ya shingoni ikasikika. Dereva wangu wa bodaboda alikuwa amerudi, anapiga honi, kwa sababu tulikubaliana saa kumi na moja. Mzee aliinuka, akaenda kusimama mlangoni mwa zizi, mkono mmoja juu ya mti wa mlango, kama anavyosimama tangu akiwa mtoto. Nikasimama nyuma yake. Walipita wakigusana mbavu, na midomo yake ikitikisika kidogo, sikusikia namba.

"Wote wamekuja?"

"Wamekuja."

Kisha akanyoosha kidole. Yule mwekundu pale. Yule wa nyuma yake. Na yule mama mtu mzima aliyesimama kwenye mestini. Wote wana alama moja sikioni, mkato mdogo ambao wengine hawana. Niliuliza ni wa nani, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ni wa yule wa Kaboya. Mtoto wa dada yake alikuja, akachukua wanne wa mahari. Akija tena atachukua tena. Sisi tunakunywa maziwa."

Dereva alipiga honi mara ya tatu. Katikati ya miguu ya wakubwa alikuwa amesimama ndama mwekundu mwenye baka jeupe begani, masikio yake bado hayajakatwa. Nilimuuliza mzee ndama huyo ana umri gani.

"Wiki mbili," alisema, akavuta mti wa mlango akafunga.